Kura Haina Mtihani

Siku ya uchaguzi, karani wa kituo cha kupigia kura hana maswali mengi. Anataka kitambulisho, anakuambia uweke kidole kwenye mashine, picha yako inatokea, jina lako linatajwa ili mawakala wa vyama walisikie, kisha unakabidhiwa karatasi sita na kuonyeshwa kibanda. Hakuna anayekuuliza seneta hufanya kazi gani. Hakuna anayekutaka ueleze bajeti ya kaunti inavyotofautiana na ya serikali kuu, wala uthibitishe kwamba umesoma manifesto ya mtu yeyote. Ukiwa Kambu, mji wa soko wa kaunti ya Makueni, Ukambani, ulio kando ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa kati ya Kibwezi na Mtito Andei, unaweza kumpigia mtu kura kwa kuwa alileta maji, kwa kuwa humpendi mpinzani wake, kwa kuwa mmesoma pamoja, au kwa kuwa alikuja mazikoni. Sababu zako ni zako, na kibanda kile kimewekwa pale makusudi ili zisitoke nje. Ni raia mmoja tu anayenyimwa uhuru huu, naye ni mtu mwenye ulemavu wa akili. Yeye hupimwa kwanza, na mara nyingi hata swali lenyewe haulizwi yeye, huulizwa mamake: huyu anaelewa kweli? Nitakalolitetea katika sura hii ni kwamba swali hilo halimo katika utaratibu wa kupiga kura tuliojiwekea, kwamba kila lilipoingizwa huko nyuma lilitumika kuwafungia watu nje, na kwamba tukiliondoa kinachobaki si mzigo mpya bali ni kazi ambayo vituo vya Ukambani vimeizoea kwa miaka mingi, ile ya kumsaidia mpiga kura asiyeweza kufanya yote peke yake.

Kenya iliwahi kuwa na mtihani wa kura. Machi 1957, Waafrika walipowachagua wawakilishi wao wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza, haki ya kupiga kura ilitolewa kwa kupimwa. Utaratibu huo, uliotokana na ripoti ya Walter Coutts, uliangalia elimu ya mtu, kipato chake, mali yake, umri wake na utumishi wake, na aliyetimiza masharti mengi alipewa kura ya pili, hata ya tatu. Jirani asiye na cheti wala mshahara hakupata hata moja. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitakiwa juu ya hayo wawe na cheti cha uaminifu kwa serikali. Ukambani ulimtoa James Muimi katika uchaguzi huo, kiongozi aliyekaa baraza moja na akina Tom Mboya na Oginga Odinga, lakini wengi wa wale aliowasemea hawakuwa na kura. Mwaka 1961 masharti yalilegezwa, kisha Mei 1963 kila mtu mzima akapiga kura. Ni vizuri kukumbuka hoja iliyotumika kuutetea mtihani ule, kwa sababu haikuwa hoja ya chuki. Ilikuwa hoja ya upole: watu hawa bado hawajaelewa, watadanganywa, tuwalinde wao na tuilinde nchi hadi wakomae. Ulipofutwa, Wakenya hawakuwa wamegeuka wasomi kati ya 1957 na 1963. Kilichobadilika ni msingi. Nchi iliamua kwamba kura haitolewi kwa sababu mtu ana maarifa. Inatolewa kwa sababu mtu anaishi chini ya sheria ambazo waliochaguliwa watazitunga, na hana pa kukimbilia zikimwumiza. Anayeurudisha mtihani kwa kundi moja tu la raia ana wajibu wa kutueleza kwa nini msingi huo unawafaa wengine wote isipokuwa hao.

Atajibu kwamba katiba imemtangulia. Na kweli, Kifungu cha 83 cha Katiba ya 2010 kinasema anayestahili kuandikishwa ni raia mtu mzima ambaye hajatangazwa kuwa hana akili timamu, na ambaye hajatiwa hatiani kwa kosa la uchaguzi katika miaka mitano iliyotangulia. Sikipendi kifungu hicho, na nitakirudia mbele. Lakini hata kama kilivyo, kinasema jambo dogo sana kuliko linalodhaniwa mitaani. Kutangazwa ni tendo la kisheria. Lina mahakama, lina ushahidi, lina mtu aliyepewa nafasi ya kujitetea. Mzazi hawezi kulifanya, chifu hawezi, karani wa kuandikisha wapiga kura hawezi, na jirani anayejua kila kitu hawezi. Mtu ambaye hakuna mahakama iliyotoa tamko juu yake ni mpiga kura kamili mbele ya katiba, hata kama hajui kuhesabu hadi kumi. Isitoshe, kifungu hicho kinachanganya mambo mawili ambayo familia zinazoishi nayo haziwezi kuyachanganya. Ugonjwa wa akili unaweza kumpata mtu wa miaka arobaini, ukatibiwa, ukatulia, ukarudi. Ulemavu wa akili huanza utotoni na kukaa na mtu maisha yote: anajifunza polepole, anahitaji kurudiwa, maneno mengi kwa pamoja humchosha, lakini anajifunza. Aliye na dalili za Down anayelisha kuku, anayetumwa dukani na kurudi na chenji, anayejua ni nani katika boma humsema kwa ukali na nani humsema kwa heshima, hajapoteza akili yoyote. Anayo aliyo nayo, na anaitumia. Pembeni ya Kifungu cha 83 viko vingine vyenye uzito usiopungua huo: cha 38 kinachompa kila raia mtu mzima haki ya kuandikishwa na kupiga kura ya siri bila vikwazo visivyo na sababu, na cha 82 kinachotaka upigaji kura uwe rahisi na uzingatie mahitaji ya watu wenye ulemavu. Tangu 2008 Kenya imefungwa pia na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Kifungu chake cha 29 kinamruhusu mpiga kura asaidiwe na mtu aliyemchagua mwenyewe, na katiba yetu inaihesabu mikataba tuliyoiridhia kuwa sehemu ya sheria za nchi.

Basi kama si mahakama, ni nani anayezichukua kura hizi? Hakuna anayezichukua kwa makusudi, na ndiyo maana ni vigumu kumkamata mwizi. Zinapotea nyumbani, miaka mingi kabla ya kampeni, pale karatasi ya kwanza inapokosekana. Bila kitambulisho au pasipoti huandikishwi, bila cheti cha kuzaliwa kitambulisho kinageuka safari ya ofisi hadi ofisi, na yote huanza na mtu mmoja kuamua kwamba safari hiyo ina faida. Kijana aliye sekondari husukumwa na wenzake na walimu, na mara nyingine maafisa wa usajili humfuata shuleni. Aliyeachia masomo katika kitengo maalumu cha shule ya msingi, au aliyebaki nyumbani tangu mwanzo, hana msukumo huo. Mzazi anapiga hesabu: nauli, siku ya shamba iliyopotea, macho ya watu kwenye foleni, halafu kitambulisho atakitumia wapi? Hata msaada wa serikali unaweza kuikaza hesabu hiyo bila kukusudia. Fedha za Inua Jamii kwa watu wenye ulemavu mkubwa, shilingi 2,000 kwa mwezi, hulipwa kupitia kwa mlezi. Ni utaratibu wenye mantiki, kwa kuwa mpango wenyewe unawalenga wanaohitaji kuangaliwa wakati wote. Lakini matokeo yake ni kwamba familia inaweza kushughulika na serikali mwaka baada ya mwaka kwa kitambulisho cha mama, huku mwenye jina akifika miaka 18, 25, 30 akiwa hana karatasi yake mwenyewe. Serikali inamjua kama sababu ya malipo. Haijamjua kama raia.

Katika Makueni hili si jambo la watu wachache. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya wapatao 918,000 wa miaka mitano na zaidi waliokuwa na ulemavu wa namna moja au nyingine, asilimia 2.2 ya walioulizwa. Makueni ilikuwa asilimia 4.1, mojawapo ya viwango vya juu kabisa nchini. Kitaifa, watu wapatao 212,800 walisemekana kuwa na ugumu wa kukumbuka au kuwa makini. Idadi hiyo isichukuliwe kuwa hesabu ya watu wenye ulemavu wa akili, kwa maana ndani yake wamo watoto na wamo wazee ambao kumbukumbu imeanza kuwatoka, na nje yake wako wale ambao mwenye nyumba hakuwataja mhesabuji alipobisha hodi. Hata hivyo inatosha kumwonyesha mtu yeyote kwamba tunazungumzia maelfu ya wapiga kura.

Nirudi kwa swali la kuelewa, kwa sababu ndilo linalowasumbua watu wema. Wanaoliuliza hufikiria kura kama mtihani wa uraia. Mimi nadhani kura ni kitu cha chini zaidi na cha maana zaidi: ni mtu kusema ni nani kati ya hawa anayetaka awe na mamlaka juu ya maisha yake. Ili kulijibu hilo Kambu huhitaji kujua kugawana madaraka ni nini. Unahitaji kujua kuhusu maji, kwa kuwa eneo hili ni kavu na dumu la lita ishirini lina mgongo unaolibeba, na mgongo huo mara nyingi ni wa kijana ambaye hakwenda shule. Unahitaji kujua kuhusu ndovu wanaotoka Tsavo na kuingia mashambani mahindi na ndengu zikikaribia kuvunwa. Mwaka 2015 mafuta yalivuja kutoka kwenye bomba na kuingia katika mto Thange, ndani ya jimbo hili hili la Kibwezi Mashariki, na hakuna kipimo cha akili unachohitaji kupita ili ujue kwamba maji yananuka mafuta. Anayeishi na tatizo analielewa kwa mwili wake. Analoweza kukosa ni daraja kati ya tatizo lile na sura ya mtu kwenye karatasi, na daraja hilo hujengwa kwa maelezo: huyu ndiye aliyekuja kwenye mkutano wa maji, huyu hatujamwona tangu achaguliwe, huyu ni mgeni. Na tusijidanganye kwamba sisi wengine tulijengewa daraja refu kuliko hilo. Katika uchaguzi wa urais wa Agosti 2022, kura 113,614 zilikataliwa. Waliozipiga hawakuwa na tamko la mahakama wala hakuna aliyewapima mlangoni, na hakuna aliyependekeza wapimwe 2027.

Karatasi zetu za kura, kwa bahati, zilitengenezwa na watu waliojua kwamba wapiga kura wengi hawasomi. Zina jina, lakini pia zina picha ya mgombea na alama ya chama: wilbaro, chungwa, mwavuli. Kila kiti kina rangi yake, nyeupe ya rais, ya buluu ya gavana, ya njano ya seneta, ya kijani ya mbunge, na masanduku yana vifuniko vya rangi hizo hizo, ili karatasi ya njano ielekee kwenye kifuniko cha njano. Mtu anayejifunza kwa macho na mikono kuliko kwa maneno hangeweza kuomba zaidi. Linalomshinda ni kwamba hukutana na vitu hivi vyote kwa mara ya kwanza siku ya kura yenyewe, katika kelele na foleni, mbele ya polisi na wageni waliovaa fulana za tume ya uchaguzi. Dawa yake ni mazoezi, na mazoezi ni rahisi mno. Karatasi sita za manila za rangi sita, picha zilizokatwa kwenye mabango ya kampeni, kalamu, na makatoni sita ya dukani yaliyokatwa mdomo juu. Anza na chaguo lisilo na siasa, chai au soda, kuku au samaki, ili ijulikane kwamba alama ni jibu na kwamba alama moja inatosha, mbili huharibu. Kisha picha za wagombea. Rudia wiki ijayo, ubadilishe mpangilio, uone kama bado anamchagua yule yule. Mtembeze katika shule itakayokuwa kituo wakati haina watu, aone mlango atakaoingilia. Mwonyeshe wino wa kidole, maana wapo watakaoogopa kupakwa rangi isiyotoka kuliko watakavyoogopa uchaguzi wote. Kila kinachofanyika nyumbani kinapunguza msaada utakaohitajika kibandani, na msaada ukiwa mdogo nafasi ya kumshawishi nayo inakuwa ndogo. Maelezo haya yote yafanyike kwa Kikamba. Elimu ya wapiga kura inayokuja kwa Kiswahili cha ofisini humpita mtu ambaye lugha yake ya nyumbani ndiyo pekee anayoimudu, ilhali stesheni kama Musyi FM zimekuwa zikiingia katika nyumba hizo kwa miaka.

Kibandani kwenyewe, sheria imekwisha kutembea mbele yetu. Kanuni za Uchaguzi za 2012 zinasema mpiga kura ambaye kwa ajili ya ulemavu, au kwa kutojua kusoma na kuandika, hawezi kupiga kura kwa njia ya kawaida, ataruhusiwa kusaidiwa na mtu anayemtaka mwenyewe. Msaidizi awe ametimiza miaka 18, asiwe mgombea wala wakala, na kabla ya kuingia aape mbele ya msimamizi wa kituo kwamba atatunza siri, kwa kujaza Fomu 32. Hawezi kumsaidia mpiga kura mwingine katika uchaguzi huo. Asiyekuja na mtu atasaidiwa na msimamizi mwenyewe, mawakala wakishuhudia. Ni utaratibu uleule ambao mzee asiyesoma huingia nao akiwa na mjukuu wake na hakuna anayegeuza shingo. Tazama sasa mwanamke wa miaka 26 mwenye ulemavu wa akili akifika kwenye meza ile ile na dadake. Karani anamtazama dada: “Anataka kumpigia nani?” Swali hilo moja limeharibu mambo mawili, siri na heshima. Angetakiwa kumgeukia mpiga kura na kumwuliza pole pole, “Dada, ungependa mtu akusaidie?” na baada ya kungoja, kungoja kweli, “Umemchagua nani akusaidie?” Kumwonyesha mtu kwa kidole ni jibu. Kumshika mkono ni jibu. Hili halihitaji sheria mpya, na katika mafunzo ya makarani halitakula hata saa moja. Kuhusu muda, kituo kimoja hakizidi wapiga kura 700 na hufunguliwa kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Wachache wanaohitaji dakika tano za ziada hawatausimamisha uchaguzi.

Pingamizi lenye meno ni lile la ushawishi. Wanasema: mtoto huyu atampigia anayetakwa na mamake, kwa hiyo mama atakuwa amepiga kura mbili. Silipuuzi, kwa sababu msaada kibandani umewahi kutumiwa vibaya nchini, na si na watu wenye ulemavu. Kwa miaka mingi mawakala wamelalamika juu ya watu wanaojua kusoma wanaojifanya hawajui, wapate kutaja chaguo lao kwa sauti mbele ya mashahidi, na aliyewalipa apate uhakika wa bidhaa yake. Na mwaka 1988, katika kura za mlolongo za KANU, chama tawala wakati huo, wapiga kura walisimama foleni nyuma ya mgombea au picha yake, mchana kweupe, chifu akitazama, na aliyepita asilimia 70 alihesabiwa kuwa amepita bila kupingwa. Waliosimama kwenye milolongo ile walikuwa na akili zao zote. Akili hazikuwalinda, kwa kuwa ushawishi hautoki katika udogo wa uelewa. Unatoka katika kuonekana, na katika kumtegemea mtu anayekuona. Ndiyo maana siri ndiyo kinga ya kwanza, na kila mpango wa kumsaidia mtu mwenye ulemavu wa akili uanze kwa kuuliza ni kiasi gani anaweza kufanya bila mtu kando yake. Kama baada ya mazoezi anaweza kuweka alama mwenyewe, msaidizi amfikishe kibandani na ageuke mgongo. Kama hawezi, basi ile kanuni ya msaidizi mmoja kwa mpiga kura mmoja inafanya kazi yake: hakuna mjumbe wa chama atakayekusanya kura kumi. Kanuni hiyo ina ugumu wake, nao usifichwe. Mama mwenye watoto wawili watu wazima walio na ulemavu atawajibika kumwachia mmoja wao mjomba au binamu, na wa pili akikosa mtu ataangukia kwa msimamizi na macho ya mawakala, hapo siri yake imekwisha. Ningependa kuona tume ikiwaruhusu walimu wa vitengo maalumu na wahudumu wa afya wa jamii wajitolee, kila mmoja kwa mpiga kura mmoja aliyemtaka mwenyewe, kuliko kuilegeza kanuni. Ama kuhusu mama kumwelekeza mwanawe, ni kweli atamwelekeza. Mume humwelekeza mke, kanisa huelekeza waumini, na kila baada ya miaka mitano vigogo hupita Ukambani wakituomba tuweke kura zote katika kapu moja. Hatujawahi kumnyang'anya mtu kura kwa kuwa alimsikiliza mtu wake wa karibu. Tunachokataza ni kulazimishwa, kununuliwa na kutiwa alama na mkono wa mwingine bila idhini, na hayo yanakatazwa kwa wote.

Iko mipaka, na anayetetea jambo hili asipoitaja atakuwa anauza kitu asichokuwa nacho. Wako watu ambao ulemavu wao ni mzito kiasi kwamba, kwa subira yote na kwa njia zote, picha, vitu, ishara, macho, hawaonyeshi chaguo lolote linalorudiwa. Haki yao haifutiki. Jina lao linaweza kubaki katika daftari kama la mtu mwingine yeyote asiyepiga kura mwaka fulani. Lakini hakuna mtu wa kuwapigia kura kwa niaba yao, hata akiwa mama aliyewalea kwa miaka thelathini na anayejua wanapenda nini kwa chakula. Msaidizi hubeba chaguo lililokwisha kufanywa. Pasipo na chaguo hana cha kubeba, na akiweka alama anapiga kura yake ya pili. Nasisitiza hili kwa sababu wapinzani huutumia mfano wa mtu huyu mmoja kuwafungia nje wengine wote, wale wanaosema, wanaocheka, wanaokasirika redio ikitaja jina la mbunge. Mpaka huu pia hauna haja ya mlinzi mlangoni. Anayeshindwa kuonyesha chaguo hatachagua, na karatasi haitatiwa alama. Hakuna daktari wala hakimu anayehitajika ili tufike hapo.

Kwa wanaohofu kwamba matokeo yatavurugika, wako waliotangulia. Mahakama ya Katiba ya Ujerumani iliamua Januari 2019 kwamba kuwanyima kura watu waliowekewa msimamizi wa mambo yao yote ni kinyume cha katiba. Walikuwa zaidi ya 80,000, na wakaruhusiwa kushiriki uchaguzi wa Bunge la Ulaya wa Mei mwaka huo huo. Hispania ilikuwa imerudisha haki hiyo kwa watu wapatao 100,000 kwa sheria ya 2018, na mwaka 2023 Mar Galcerán, mwanamke mwenye dalili za Down, akaingia katika bunge la jimbo la Valencia. Hakuna serikali iliyoporomoka. Si kila mahakama imekubaliana na njia hii, kwa maana Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya mwaka 2021 iliiruhusu Denmark ibaki na vizuizi vyake, jambo linaloonyesha kwamba mjadala haujafungwa hata kwa matajiri.

Kwetu, mahali pa kuufungulia pako tayari. Makueni ilijijengea jina, hasa katika miaka ya Gavana Kivutha Kibwana, 2013 hadi 2022, kwa kuwakalisha wananchi vijijini wapange wenyewe mradi upi utangulie, kisha uamuzi upande hadi wadi na kaunti. Baraza kama hilo ni shule bora ya kura kuliko semina yoyote. Suala liko mbele ya macho, ni hapa au pale bwawa lichimbwe, mikono inainuliwa, na baada ya muda mtu anaona kama mkono wake ulileta kitu. Mtu mwenye ulemavu wa akili anayekaa katika mabaraza hayo mara tatu kwa mwaka atafika kituoni akijua kuchagua ni nini. Huko Nairobi, Chama cha Kenya cha Watu wenye Ulemavu wa Akili, ambacho wazazi walikianzisha miaka ya tisini, kimekuwa kikiwafundisha wanachama wenyewe wajisemee badala ya kusemewa. Kambu inahitaji mambo kama hayo kwa kipimo chake, na Kitui ng'ambo ya mto Athi vivyo hivyo. Kile kipengele cha akili timamu katika Kifungu cha 83 kiondolewe, nacho hakimo katika orodha ya mambo yanayolazimu kura ya maoni. Thuluthi mbili ya wabunge na thuluthi mbili ya maseneta wanaweza kukifuta. Sidhani watafanya hivyo kabla ya 10 Agosti 2027. Ila hakuna haja ya kuwangoja, kwa kuwa kizuizi kikubwa ni kitambulisho, na hapo kazi ni ndogo kuliko inavyoonekana. Majina ya watu wazima wengi wanaokosa karatasi hiyo yamo tayari katika orodha za malipo ya Inua Jamii, tarafa kwa tarafa, yakiwa yamefuatana na majina ya walezi wao. Afisa wa usajili akipewa orodha hiyo na gari kwa wiki mbili, anajua aanzie mlango gani.